Kizimba cha Mahameli

Jumatatu, 3 Machi

Kesi imefunguliwa leo. Mshtakiwa ni Hoja, mbwa wangu, mwenye rangi ya udongo mkavu, sikio moja limesimama na jingine limelala, kana kwamba hayajatambulishana. Kosa: kutafuna mkono wa kushoto wa kochi la mteja. Nasema kutafuna, lakini neno hilo halimtendei haki. Alichambua! Kitambaa huku, sponji kule, na misumari kaitema kando kwa uangalifu wa mtu anayejua thamani ya meno yake.

Mjomba aliingia, akatazama, akavua kandambili. Nikajitupa katikati. Nikamweleza kwamba adhabu isiyofuata kosa papo hapo haimfundishi mnyama kitu isipokuwa kuogopa viatu. Mjomba akasema basi atanipiga mimi, kwa kuwa mimi nina shahada, nitaelewa.

Sikuondoka pale katikati. Hilo naliandika kwa fahari.

Hukumu ilitoka wakati wa chakula. Tarehe kumi na tisa Mama wa Hoteli atakuja kukagua makochi ya ukumbi wake wa mapokezi — kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata Mjomba. Mjomba hataki kuona mbwa akirandaranda katikati ya mahameli mpya. Mbwa ama awe amejifunza adabu kufikia siku hiyo, ama aondoke na dereva wa lori litakalobeba makochi. Dereva huyo amekuwa akimwomba siku nyingi. Anataka mlinzi wa yadi yake ya kokoto. Atamfunga getini kwa mnyororo.

Hapo ndipo ulimi wangu uliponitangulia. Nikasema: hatafungwa na mtu! Nitamtengenezea kizimba, naye siku hiyo ataingia mwenyewe, kwa hiari yake, mlango ukiwa wazi, atulie humo kimya mpaka mgeni aondoke.

Mjomba aliacha kutafuna. Akauliza, kwa hiari yake?

Nikasema, kwa hiari yake.

— Haya. Umesema mwenyewe, na mashahidi wapo.

Mashahidi walikuwa Mkazamjomba, aliyekuwa akichekea ndani ya bilauri, na Binamu, bintiye Mjomba, ambaye hakuona sababu ya kujificha nyuma ya bilauri.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafakari kosa lenyewe badala ya kulilaani.

Nyumba hii ni ya ajabu. Sebule imejaa makochi, na hakuna mahali pa kukaa. Yote ni ya wateja: haya yanangoja kuvuliwa kitambaa chakavu, yale yanangoja kuvalishwa, mengine yanangoja wenyewe waje kuyachukua. Kuyakalia ni marufuku. Tangu niletwe hapa nikiwa mtoto hadi niliporudi na joho la mahafali, tumekalia viti vya plastiki na kuyatazama makochi kama watu wanaotazama vyakula dirishani. Mjomba amevalisha nusu ya sebule za mji huu. Ya kwake hajaivalisha.

Sasa tuitazame nyumba hii kwa macho ya mbwa. Anamwona Mjomba akishika kisu na kupasua kochi. Anamwona Binamu akilikata kwa mkasi. Ananiona mimi — msomi, mhitimu wa falsafa — nikichuchumaa na koleo, nang'oa pini za stepla moja baada ya nyingine na kuvuta sponji kuukuu kwa mikono miwili. Angehitimisha nini? Kwamba kuchana makochi ndiyo kazi ya ukoo huu. Hakuwa akiharibu. Alikuwa akiomba ajira!

Nimemweleza Mjomba hayo yote, kwa mpangilio. Akasema kama ni hivyo, basi mbwa ametafuta kazi kwa bidii kunishinda.

Nikaongeza kwamba hata sisi binadamu wa nyumba hii hatujawahi kufundishwa kukaa kwenye kochi, kwa sababu nyumba ya fundi makochi haina kochi lake. Mjomba alichukua stepla akaendelea na kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Mafunzo yameanza. Msingi ni kitabu cha mtaalamu mmoja wa tabia za wanyama, nilichokisoma mara mbili nikiweka alama kwa penseli. Hakuna kofi, hakuna kelele. Mbwa akipanda kochi, anashushwa kimya kimya. Akishuka na kuketi sakafuni, anapewa kipande cha maini ya kuchemsha. Mfuko wangu wa suruali sasa unanuka maini. Elimu ina gharama zake.

Shida ni jina. Nilimpa jina Hoja nilipomtoa mlangoni mwa maktaba ya chuo, alikokuwa akilala siku zote za mitihani, mwanafunzi pekee aliyeonekana kutulia. Ni jina lenye uzito. Lakini Binamu alimkuta wiki ya kwanza amelala ndani ya gunia la sponji, pua tu nje, akamwita Sponji. Mbwa aliinuka. Tangu hapo nikiita "Hoja!" anatazama dirishani kama anayemtafuta huyo Hoja.

Leo nilimwambia, kwa sauti tulivu:

— Hoja, tafadhali shuka hapo.

Binamu, akiwa kwenye cherehani yake:

— Unamwamrisha au unamwandikia barua ya maombi?

— Namheshimu.

— Sponji, shuka!

Akashuka. Nikampa maini. Kanuni ni kanuni, japo iliyozawadiwa ilikuwa sauti ya Binamu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimegundua kwa nini somo haliingii. Kuna mtu anayelifuta!

Mjomba alikuwa ametoka kununua gundi. Niliingia sebuleni nikamkuta Mkazamjomba amejinyoosha kwenye kochi la Mama wa Hoteli, kanga magotini, mchezo wa runinga unaendelea, na Hoja amelala juu ya miguu yake kama blanketi. Wote wawili walinitazama kwa macho yaleyale.

— Mama, hilo kochi ni la mteja.

— Nalijua. Nalijaribu springi.

— Na mbwa?

— Yeye ananisaidia. Uzito wangu peke yangu hautoshi.

Nikamfafanulia kwamba sheria inayovunjwa na wakubwa mbele ya mdogo haiwi sheria tena, bali mchezo wa kubahatisha. Mbwa hawezi kutofautisha kati ya kustarehe na kujaribu springi. Alisikiliza mpaka mwisho, maana tangazo la biashara lilikuwa likionyeshwa. Kisha akasema: mwanangu, mimi niliolewa na fundi makochi. Wenzangu wakanionea wivu, wakasema utakaa raha. Tangu siku hiyo mgongo wangu haujui kochi isipokuwa la kuibia. Wewe mfundishe mbwa wako. Mimi nimeshazeeka, sifundishiki.

Niliandaa jibu jikoni, lakini niliporudi mchezo ulikuwa umeanza tena.

Tumekubaliana: atajaribu springi mlango ukiwa umefungwa, mbwa akiwa nje.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi!

Hoja amefahamu. Na hakufahamu kochi hili au kochi lile, la. Makochi ya hapa hubadilika kila siku, kwa hiyo ilimbidi avuke kutoka mfano hadi kanuni, jambo ambalo baadhi ya wanafunzi wenzangu hawakuliweza mpaka tunahitimu. Nilimsogeza mbele ya kochi jipya lililoshushwa asubuhi. Akanusa gundi, akanusa kitambaa, akarudi nyuma, akaketi sakafuni, akanitazama. Maini!

Nikajaribu mto. Akarudi nyuma. Kigoda chenye sponji. Akarudi nyuma. Nikatandika kipande cha mahameli sakafuni peke yake. Alikizunguka kama anayezunguka dimbwi.

Kufikia adhuhuri alikuwa amevuka mipaka ya utii akaingia katika utetezi wa sheria. Jirani alikuja kuazima pasi, akaweka mto kwenye kiti cha plastiki, akaketi. Hoja alisimama mbele yake, akamkazia macho mpaka mama wa watu akainuka, akautoa mto na kuomba radhi. Hakujua anamwomba nani.

Mjomba alicheka mpaka akaketi sakafuni. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nirudi. Akasema, huyu sasa ni fundi.

Jumatano, 12 Machi

Kizimba kimekamilika. Nimekiunda mwenyewe kwa mabaki ya fremu. Mtaalamu anaagiza mnyama apate nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Nilipokuwa napima huenda nilikosea kidogo kwa upande wa ukarimu.

Binamu alikizunguka mikono kiunoni.

— Hiki ni cha mbwa au cha kupangisha?

— Nafasi ni haki.

— Na mbona kimeinama? Kimesimama kama mlevi anayengoja kuulizwa anakokwenda.

Simjibu mtu anayehukumu fikra kwa pembe zake.

Mbwa, ambaye hana kijicho, aliingia. Sahani yake niliiweka ndani, mbali na mlango. Akala. Akazunguka. Akajitupa juu ya mbao tupu kwa pumzi ndefu, kidevu kwenye kizingiti. Jioni nikafunga mlango, nikakaa karibu, nikasoma. Hakulia.

Nilitoa maelezo machache juu ya jambo hilo mezani. Mkazamjomba anadai chakula kilipoa.

Ijumaa, 14 Machi

Dereva wa lori alipita. Amekuja kupima urefu wa makochi, asije akaleta lori dogo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia; akanikatisha tamaa. Ni mtu mwema, mwenye kicheko cha mafua. Alichuchumaa, Hoja akamlamba kiganja chote, mbele na nyuma.

Akasema nisiwe na wasiwasi, atakula vizuri. Kisha akatoa mnyororo kutoka chini ya kiti cha lori kunionyesha kuwa ni mpya. Unang'aa. Aliupitisha shingoni mwa mbwa ili kuona kama utatosha, na pingili zikagusana zikitoa mlio mwembamba. Hoja aliketi wima. Sikio lililolala likasimama. Sijawahi kuliona limesimama.

Nikamwambia dereva kwamba hatauhitaji. Akasema haya, bwana, ila mjomba wako ameniambia nije nao.

Leo sina nadharia.

Jumapili, 16 Machi

Anaingia kwa neno moja! "Ndani" — naye yumo, mlango wazi, kwa hiari, anageuka na kulala. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu Binamu akipiga cherehani, nimejaribu runinga ikipiga kelele. Yumo.

Mjomba alikuja mlangoni akatazama. Kisha akainama, akapitisha kiganja juu ya mbao za ndani, kama anavyopapasa kochi linaloletwa.

— Pagumu, akasema.

Nikamjibu kwamba mbwa mwitu hulala juu ya miamba, na kwamba ulaini ni mazoea ya binadamu wa mijini, si hitaji la asili. Nilikuwa bado kwenye miamba nilipoona kuwa ameshaondoka.

Jumanne, 18 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, maana sijui kama nina hasira au jambo jingine.

Niliondoka asubuhi kwenda kwenye usaili wa ualimu. Mwalimu mkuu aliniuliza ningefanyaje na mwanafunzi asiyesikia. Nilizungumza juu ya subira na zawadi ndogo ndogo, na kwa kuchangamka nikatia mkono mfukoni. Suruali ilikuwa ileile. Watanipigia simu, wamesema.

Nikarudi. Wote watatu wamejipanga sebuleni kama watu wanaongoja kupigwa picha.

— Tazama, akasema Mjomba.

Kizimba kimevalishwa!

Ndani kote, sakafu na kuta, sponji nene. Juu ya sponji, mahameli ya kijani iliyobaki kwenye kazi ya hoteli. Vifungo vimezamishwa kwa mistari, kila kimoja kimevutwa kwa uzi kikafanya kishimo chake. Mlangoni, misumari ya vichwa vya shaba. Miguu imesawazishwa, kizimba hakiinami tena. Binamu ameshona ukingo kwa mkono, sehemu ambazo cherehani haifiki. Ilikuwa siku moja kabla ya ukaguzi, makochi ya hoteli yakingoja kupigwa brashi ya mwisho, naye Mjomba ameshinda amepiga magoti ndani ya kizimba cha mbwa.

Mkazamjomba aliniegemea sikioni: hajawahi kutuvalishia hata kigoda.

— Ulisema nyumba hii haina kochi lake, akasema Mjomba, akifuta gundi vidoleni. Hakunitazama. — Basi imeanza. Na kesho nitamwonyesha Mama wa Hoteli. Aone kwamba kwa fundi huyu hata mbwa analala pazuri. Haya, mwite.

Nikaita. Ndani.

Hoja alikuja mbio. Akafika kizingitini. Akanusa gundi. Akanusa kitambaa. Akarudi nyuma, akaketi sakafuni, sawasawa na alivyofundishwa, akaniinulia macho. Mkia ulifagia sakafu.

Alikuwa akingoja maini.

Hajawahi kutii vizuri namna ile. Ilikuwa kanuni yangu mimi, imekamilika, haina ufa hata wa kupitisha wembe: kitu chochote chenye sponji na kitambaa ni marufuku. Hakuna aliyemwambia kwamba hiki ni chake. Nilimfanya awe mwanamantiki, na Mjomba akamfanyia wema, na katikati ya hayo mawili hakuna mahali pa mbwa kulala.

— Mbona haingii? Mjomba akauliza.

Hoja nilikuwa nayo — si mbwa, hoja yenyewe. Ilikuja yote mara moja, dibaji, mwili na hitimisho. Ningeweza kumwonyesha, hatua kwa hatua, kwamba yeye ndiye aliyeiharibu kazi ya majuma mawili, ukaguzi ukiwa kesho, bila kuniuliza. Nilikuwa sahihi kuliko nilivyowahi kuwa katika maisha yangu. Nikafungua kinywa.

Mjomba alikuwa na uzi wa kijani umenasa kwenye nyusi.

— Anakizoea, nikasema. Ni kizuri mno, Mjomba. Ameona haya.

Mjomba akaguna kwa kuridhika, akaenda kunawa. Binamu alinifuata uani.

— Profesa, unaumwa?

— Siumwi.

— Nimekuona umefungua mdomo halafu ukaufunga. Sijawahi kukuona ukiufunga. — Kisha akashusha sauti: — Naweza kuking'oa hicho kitambaa. Sasa hivi, kwa koleo. Nitamwambia baba ilikuwa bahati mbaya.

Nilifikiria mlio wa mnyororo. Nilifikiria vile vifungo, kila kimoja na kishimo chake.

Nikamwambia asiguse kitu.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa ndani ya kizimba, kilichohamishiwa chumba cha pembeni.

Si wazimu. Mtaalamu anasema, katika sura ambayo niliiona ya kitoto nikairuka mara zote mbili, kwamba mnyama akiogopa mahali, mwenyewe atangulie kuingia, ajishughulishe na jambo lake, wala asimtazame. Kwa hiyo nimetangulia kuingia, najishughulisha, na simtazami. Magoti yangu yamefika masikioni. Kifungo kimoja kinanichoma mbavuni. Lakini nakiri — ni pazuri. Sijui kama nimewahi kukaa mahali laini kiasi hiki ndani ya nyumba hii.

Asubuhi yote ilikuwa bure. Nimeita, nimenong'ona, nimetoa maini mpaka nimebakiwa na harufu. Kila mara anarudi nyuma na kuketi, mtiifu, mwenye fahari, bila kujua kwamba anajihukumu. Kila mara Mjomba akipita anauliza: bado anaona haya? Nami nasema, bado kidogo.

Lori limefika. Nimelisikia likirudi nyuma hadi barazani, na kicheko cha mafua. Kisha gari dogo. Mkazamjomba anakaribisha mgeni kwa sauti ya juu kupita kiasi, ili nisikie. Binamu amechungulia, akaniona nilivyojikunja, akaufunika uso kwa kipande cha kitambaa na kwenda zake. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Simtazami. Naona vivuli tu kwenye kizingiti. Kivuli cha sikio moja.

Mama wa Hoteli anasifu makochi. Anakaa. Anainuka. Anauliza ni nani aliyezijaribu springi, maana zimelainika vizuri. Mkazamjomba anasema hata yeye hajui.

Pua. Nasikia pumzi yake kwenye soksi yangu.

Hakurudi nyuma.

Nje ya dirisha pingili zimegusana. Dereva anaukunjua mnyororo. Hoja amesimama wima, anatazama dirisha, ananitazama mimi. Mguu wa mbele umegusa mahameli. Umeondoka. Umerudi.

Mjomba, sebuleni: na sasa, mama, kuna kitu kimoja nataka ukione, si cha kuuza. Ni cha nyumbani kwetu. Mbwa mwenyewe yumo humo ametulia, aliingia kwa hiari yake — mpwa wangu ndiye aliyemfundisha, huyu msomi niliyekuambia.

Amesema hivyo. "Huyu msomi niliyekuambia." Wala hakucheka.

Viatu vya mgeni vinakuja. Miguu miwili imo ndani, miwili imo nje. Nimejibana ukutani kadiri vifungo vinavyoruhusu. Nafasi ipo, nilikosea kwa upande wa ukarimu, ipo ya kutosha — nasema "Hoja, ndani", kwa sauti tulivu, naye anageuza shingo kumtafuta huyo Hoja —

Njoo, Sponji. Njoo, baba. Ni chetu hiki.